Neno Ambalo Moza Hakufundishwa

Watu wa Miteja walikuwa na namna yao ya kumtaja Kudra binti Ahmadi. Walisema, "Yule anayesoma kitabu kichwa chini," na mgeni akidhani wanatania, walimpeleka barazani kwa kina Kudra akajionee mwenyewe. Alimkuta Kudra amekaa mkekani, kitabu kiko mbele yake, na maandishi yameelekea upande wa pili, kana kwamba kuna mtu amekaa mkabala naye na yeye anachungulia tu. Na alisoma vizuri, bila kugugumia. Ukimgeuzia kitabu kama wasomavyo watu wengine, alikodoa macho na kurudi kwenye silabi moja moja.

Sababu yake haikuwa ya ajabu, wala hakuna aliyeificha. Miaka ya mwanzo ya uhuru, walipokuwa wangali wakikaa Nambunda, ndani huko, mbali na barabara, Mzee Ahmadi alikuwa na mabinti wawili na aliweza kumpeleka shule mmoja. Akaenda mkubwa, Moza. Alasiri Moza alirudi na kitabu, akakitandaza mkekani, akasoma kwa sauti huku kidole kikifuata mstari. Kudra alikaa upande wa pili akimenya mihogo. Hakuna aliyeona kuna ubaya wowote, maana hata chuoni kwa maalimu wa Kurani juzuu moja walisomea watoto wawili, mmoja huku na mmoja kule, na aliyekaa kule alijifunza herufi zikiwa kichwa chini. Kabla mtu hajatambua, mmenya mihogo naye alikuwa anasoma.

Moza alifika darasa la tatu. Surua ikaingia Nambunda, ikachukua watoto kadhaa, naye akiwamo. Wakamzika nyuma ya nyumba, penye mkorosho, wakaweka mawe mawili, la kichwani na la miguuni. Shule ilipofunguliwa, baba akasema nafasi isipotee bure, akampeleka Kudra. Siku ya kwanza mwalimu aliwaambia wasome kimya kimya. Kudra akafumba mdomo, na Moza akaanza kusoma.

Alimsikia wazi, kwa kile kisauti chake chembamba kilichopenda kuvuta neno la mwisho wa mstari. Kudra hakuogopa. Aliona ni haki, kwani kitabu kilikuwa cha Moza tangu mwanzo. Moza hakusema lolote lake, hakuita, hakulalamika. Alisoma tu kile kilichoandikwa. Miaka ikaenda, Kudra akapanda madarasa, akamaliza la saba, akavunja ungo, akarefuka kumpita mama yake. Moza akabaki wa darasa la tatu, na hapo ndipo tabu ilipoanzia.

Ukaja mwaka wa operesheni ya vijiji. Malori yakaingia Nambunda, watu wakapakiwa na vyungu vyao na kuku wao, wakashushwa Miteja kando ya barabara, wawe pamoja, wawe karibu na shule na zahanati na maji. Shule ilikuwapo kweli. Maji waliambiwa yako njiani. Mzee Ahmadi hakuumaliza mwaka ule, na Kudra akabaki na mama yake. Jina la mama huyo lilikuwa Mwahija, lakini nani alimwita hivyo? Alikuwa Mama Moza tangu alipojifungua mara ya kwanza, na Mama Moza akabaki hata huyo Moza alipokuwa chini ya mkorosho. Kila mpita njia aliyemwamkia alilitamka jina la marehemu, asubuhi na jioni, bila kujua anafanya nini.

Kudra aliipenda Miteja, na jambo hilo lilimtia haya. Alipewa darasa la watu wazima, akawafundisha wazee kuandika majina yao, na humo ndimo ilimoingia tamaa ya kuwa mwalimu kamili, wa mshahara na chaki za serikali. Mwalimu Modesti, mtu wa bara upande wa Ndanda aliyefundisha shule ya kijiji, alimwandikisha mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Hesabu hazikumsumbua. Siasa aliijua kama kila mtu. Ilibaki karatasi ya Kiswahili: habari ya kusoma kimya, maswali ya ufahamu, na msamiati.

Mara ya kwanza alianguka. Modesti, ambaye alikuwa amemsifia mwanafunzi wake kwa walimu wenzake, alimwita barazani kwake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Wameniambia ufahamu umejibu nusu tu. Muda ulikuishia?"

"Haukuniishia, Mwalimu. Nilikuwa nangoja."

"Ulikuwa unangoja nini ndani ya chumba cha mtihani?"

Kudra alitazama miguu yake. Angesemaje? Habari ile ilikuwa imefika kwenye neno "maslahi", na Moza akanyamaza. Mtoto wa darasa la tatu wa Nambunda angelijulia wapi maslahi? Alisimama hapo, naye Kudra akasimama naye, kwa sababu hakuwahi kumtangulia dada yake kusoma hata siku moja.

Modesti hakumsukuma. Alikuwa na ulimi mkali lakini moyo wa pamba. "Sikiliza," alisema. "Anza na maswali, ndipo usome habari, ujue unatafuta nini. Ukikutana na neno usilolijua, waulize majirani zake, lile la kabla na lile la baada, hawakosi kulijua. Na jibu kwa maneno yako mwenyewe. Ukinakili habari ilivyo, anayesahihisha ataona hukuelewa kitu. Umebakiwa na mara moja. Wakikukataa tena, hawakuandikishi."

Mtu mwingine angejifunza maneno mapya akaona yametosha. Kudra aliyajua maneno. Asiyeyajua alikuwa Moza. Basi msimu wa korosho ulipofika, watu walipopata ruhusa ya kurudi kwenye mashamba ya zamani kuokota, alichukua kikapu na kuwafuata. Wenzake walipotawanyika mikoroshoni, yeye aliendelea mpaka Nambunda.

Jua lilikuwa la utosini. Nyumba zilikuwa zimekaa chini, udongo umerudi kuwa udongo, na nyasi zimeota palipokuwa jikoni. Mafiga ya mama yake yalikuwa bado yamesimama yote matatu, yakingoja chungu. Hakukuwa na sauti ya kuku wala ya mtwango. Kudra alipita haraka, akaenda kukaa penye yale mawe mawili, mkabala, upande wake wa siku zote.

"Moza," alisema, "leo tunasoma msamiati."

Akamfundisha kama unavyomfundisha mtoto. "Maslahi ni kile kinachomfaa mtu. Ulikuwa ukipewa ukoko wa chini ya chungu kwa sababu wewe ni mkubwa, mimi nikalia. Yale yalikuwa maslahi yako. Ushirika ni shamba moja, majembe mengi, na yule jirani yetu Mzee Tawakali amelala kivulini akisema anachunga majembe. Uzalishaji ni zile korosho ambazo Mzee Tawakali hakuziokota." Upepo ulitikisa majani ya mkorosho yakatulia. Kudra alirudi Miteja na kikapu kisichojaa. Usiku ule alipofungua kitabu, Moza alisoma maslahi, akasoma ushirika, akasoma uzalishaji, akapita.

Akaenda tena, na tena, mpaka msimu ukaisha. Alimpelekea ruzuku, ustawi, kadhia, azma. Wenzake waliona kikapu chake hakijai, wakasema mtoto wa Mama Moza amekuwa mvivu. Mama yake alimtazama akiosha magoti yaliyojaa udongo mwekundu wa Nambunda, na hakuuliza.

Kulikuwa na neno moja ambalo Kudra hakulipeleka. Wala halikuwa gumu. Miteja nzima ilikuwa nalo mdomoni. Watu walikwenda mahameni kuokota korosho, walirudi kutoka mahameni, nyoka alimuuma fulani kule mahameni. Kudra mwenyewe alilisema kila siku. Lakini alipokaa penye mawe yale, mafiga ya mama yao yakiwa nyuma yake, ulimi wake ulikataa. Moza alikufa nyumba ikifuka moshi, baba akikohoa uani. Utamwambiaje mtoto kwamba hapa alipolala ndipo mahame, kwamba walipanda lori wote na yeye hakuna aliyemuaga? Kila alipomaliza somo Kudra alisema, "Mama anakusalimu, yuko shamba," akaondoka haraka bila kugeuka. Aliona aibu ya uongo huo njia nzima.

Mtihani ukafika. Kudra alipanda gari mpaka Nangurukuru, akabadilisha la kwenda Masoko, na asubuhi akaingia kwenye chumba cha mtihani pamoja na vijana waliovaa viatu. Karatasi ya Kiswahili ilipogawiwa, aliigeuza ielekee upande wa pili. Msimamizi alimjia, akamtazama, akatazama mbele yake akaona hakuna mtu wa kuoneshwa, akaenda zake.

Alisoma maswali kwanza, kama alivyoagizwa, lakini kwa kuyapitishia macho tu. Kisha akafumba mdomo. Moza akaanza.

Habari ilikuwa ya mwindaji aliyepotea njia. Alivuka bonde, akavuka kijito, na Moza akasoma vizuri, hata "azma" akaipita bila kusita, Kudra akaona fahari. Jioni mwindaji akaona miembe iliyopandwa kwa mstari, akajua amefika penye mahame.

Moza akanyamaza.

Kudra alingoja. Kalamu za wengine zilikuwa zinakwaruza. Alijua neno lile, alijua majirani zake wote, nyasi na mafiga na kuta zilizolala, angeweza kuruka na kuendelea. Hakuweza. Upande wa pili wa meza mtoto alikuwa ameshika mstari kwa kidole, anamtazama. Kwa mara ya kwanza tangu utotoni Kudra alimwogopa dada yake.

Macho yake yakashuka kwenye swali la nne. Eleza maana ya neno "mahame" kama lilivyotumika katika habari. Tumia maneno yako mwenyewe.

Chuo kilikuwa ndani ya swali lile. Akiacha, atarudisha tena karatasi nusu, na safari hii ndiyo ya mwisho. Akijibu, itabidi ajibu mbele ya Moza. Alishika kalamu, akaandika, na alipokuwa akiandika hakuwa akimwandikia msahihishaji:

"Mahame ni mahali ambapo watu walikuwa wakiishi, kisha wakahamishwa. Nyumba zimeanguka. Walio hai hurudi kuokota korosho tu. Waliokufa wamebaki, na hakuna aliyewaambia."

Alisubiri neno linalofuata lisomwe. Halikusomwa. Hakusikia kilio wala hasira. Alihisi tu upande wa pili wa meza umekuwa mwepesi, jinsi mkeka unavyokuwa mtu akiinuka. Machozi yakamdondoka kwenye karatasi, akayafuta kwa ncha ya ushungi. Kisha akaigeuza karatasi ielekee kwake, akaanza kusoma pale Moza alipoishia, silabi moja moja, kwa sauti ya ndani asiyoijua. Ilikuwa nzito kidogo. Ilimchukua muda kutambua kuwa ni yake.

Majibu yaliletwa na mwenyekiti wa kijiji, Bwana Likwata, wakati mama na mwana wako uani wakipepeta mchele. Alianza kutoa hongera angali njiani. Kudra amefaulu, Kudra anakwenda chuoni, Miteja itapata mwalimu wake. "Hongera, Mama Moza," alimaliza, akapokea maji ya kunywa, akaondoka kuwatangazia wengine.

Mama aliendelea kupepeta. Kudra alikaa karibu yake, akachambua chuya kwenye ungo, na akaona hawezi kwenda chuoni na jambo lile kifuani.

"Mama, nilikuwa nakwenda Nambunda. Penye mkorosho."

"Najua."

"Nilikuwa nikimwambia uko shamba."

Ungo ulisimama. Mama Moza alitazama mbele, upande wa ndani, ambako ukiwa Miteja huoni kitu isipokuwa miti. "Na mimi," alisema, "kila dua nilikuwa nikimwambia nakuja kesho."

"Nimemwambia, mama. Siku ya mtihani. Nimemwambia tumehama."

Mama alizikusanya chuya kiganjani.

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Mpaka leo hajasema kitu."

Mama alirusha chuya kwa kuku, akauvuta ungo mapajani.

"Basi amesikia," alisema, akaendelea kupepeta.