Nundu Katikati ya Blanketi la Mwende

Sisi tuliokwenda shule na viraka matakoni bila mtu kutupiga picha, hebu tusogeleane, maana watoto wetu wamegundua viraka. Mapema mwaka huu mpwa wangu Ndinda, kifungua mimba wa dada yangu Mwende, alinipigia simu ya video kutoka Nairobi ili nimtazame akifungua boksi. Siku hizi kufungua boksi ni shughuli, ina maandalizi na muziki. Ndani mlikuwa na vitambaa vilivyokwisha kukatwa na kupigwa pasi huko vilikotoka, uzi wa rangi ya kulingana, na kisu cha gurudumu kama kile cha kukatia piza.

"Aunty, nashona kwilti," akaniambia, macho yakiwa kwenye sura yake mwenyewe. "Hii inaitwa Irish chain. Hata beginner anaweza. Ni kama therapy."

Therapy! Nilicheka hadi nikatafuta kiti. Mtoto huyu hajui kwamba kwilti ya aina hiyohiyo, iliyoshonwa kijijini kwetu Matinyani na watu wasio na boksi, nusura imharibie mama yake siku ya harusi.

Mnakumbuka lakini tulivyokuwa. Jioni tulicheza kati kwa mpira wa karatasi za nailoni, tukaruka blada iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu ya gari, vumbi likapanda hadi kope zikawa nyekundu, kisha sauti ya Mama ikatoka jikoni kutuita tukatwange mahindi ya muthokoi. Hakuna aliyetuuliza kama tumechoka kiakili. Ukithubutu kusema umechoka ulipewa punda na majerikeni, ukachimbe maji kwenye mchanga wa mto ukapumzike huko.

Mwaka wa harusi ile, Mwende alikuwa ameposwa na kijana wa Kibwezi. Mbuzi walikuwa wameshaletwa, mchungaji ameshaambiwa, na tatizo lilikuwa moja tu: shangazi wa yule kijana, Shangazi Syombua. Kwa ukoo wao, bibi arusi akifika, sanduku lake lilifunguliwa uani mbele ya wanawake wote, na Shangazi Syombua ndiye aliyeinua kitu kimoja kimoja na kukisema. Kulikuwa na mke mmoja pale ambaye shuka zake zilipatikana na tundu. Watoto wake wamekua, wameoa, na yeye bado anaitwa Mama Tundu.

Sasa mama yangu hakuwa mtu wa kujionyesha, isipokuwa mbele ya watu. Mke wa mchungaji wetu, tuliyemwita Mama Mchungaji, alikuwa ametoka semina Nairobi na picha ya blanketi la viraka alilosema linaitwa kwilti. Jumapili hiyohiyo Mama akasimama kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa akatangaza, "Mwende wangu ataenda Kibwezi na kwilti. Nitaishona mwenyewe." Wakapiga makofi. Wakaiombea pale pale, kabla hata sindano haijatafutwa. Baada ya hapo ungerudi nyuma vipi? Kwilti isipopatikana, Mama ni mwongo kanisani na Mwende ni kichekesho Kibwezi.

Vitambaa tulipewa na fundi wa sokoni aliyeshona sare za shule. Kwa hivyo rangi zetu zilikuwa maruni ya shule hii, kijani ya ile, na bluu ya miraba ya wale waliokuwa wakitupiga kwenye mashindano. Nyeupe ilitoka kwa magunia ya pamba ya unga, ambayo herufi zake nyekundu zilikataa kutoka hata kwa sabuni ya kipande. Mama Mchungaji akatuchorea kazi mchangani kwa kijiti. Unakata mishipi mirefu, wa rangi na mweupe, unaishona ubavu kwa ubavu mpaka ipatikane kama bendera ya mistari. Kisha unaikata bendera hiyo kwa upana, unapata mishipi mipya yenye miraba midogo ndani yake. Ukiipanga na kusukuma kila mmoja hatua moja kando, ile miraba ya rangi inagusana pembe kwa pembe na kutembea mshazari kama mnyororo. Hivyo unajenga kipande kimoja kikubwa, halafu kingine, mpaka vifunike kitanda.

Mishipi mirefu tuliishona kwa cherehani ya Mama Mchungaji, na ilitoka nzuri. Balaa lilianza Mama alipoinua mkasi kukata bendera. Susu, yaani nyanya yetu, alikuwa amekaa mlangoni akisokota katani pajani. Akaruka kama msichana.

"Woi! Unakata kitu imeshashonwa? Huyo bibi ya mchungaji amekunywesha nini?"

"Mama, ndivyo inafanywa," Mama akajaribu.

"Inafanywa na nani? Na watu wazima?" Akakalia kitambaa chote, akasema anayetaka kukikata amkate na yeye. Alikaa pale hadi uji ukaiva. Mwishowe akakubali kuinuka kwa sharti moja, kwamba kuunganisha vile vipande asimamie yeye. Tukafurahi. Tungejua!

Susu alisuka viondo, vile vikapu vyetu vya katani, tangu akiwa mtoto, na kiondo mnajua kinavyoanzwa: unaanza katikati ya kitako, unazunguka, unazunguka, na kila uzi unauvuta hadi kidole kinauma, mpaka kitako kijikunje kipate tumbo. Mikono yake haikujua njia nyingine. Basi akatuanzisha na kipande cha katikati, akatuzungusha, kipande baada ya kipande, sindano za mkono zikipita, na yeye juu ya vichwa vyetu. "Kaza! Unashona ama unabembeleza?" Mimi nilikaza. Mama alikaza. Mwende, bibi arusi mzima, alikaza hadi uzi ukamkata. Tulipokaribia kingo Susu alichoka, akaenda kulala, tukamalizia kwa mkono mwepesi.

Tulipolitandika blanketi kitandani, pembe zililala vizuri sana. Katikati kulisimama nundu kama ya dume la ng'ombe wa kienyeji.

Tuliliwekea mawe ya jikoni. Tulipiga pasi ya makaa. Tulililoweka, tukalianika, tukalikalia kwa zamu huku tukichambua mbaazi. Ukiinuka, nundu nayo inainuka. Mwende akalia machozi ya kweli. "Mama, si hii ni kiondo! Nitaenda kulala ndani ya kiondo?" Kulifumua hakukuwa na muda, na kuliacha nyumbani hakukuwezekana, kwa kuwa lilikuwa limeshaombewa. Likakunjwa likaingia sandukuni.

Siku ya Kibwezi jua lilikuwa kali, na uani palijaa wanawake hadi juu ya ukuta. Shangazi Syombua alikuwa mama mnene, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akaanza. Sufuria, akazigonga. Shuka, akazimulika juani akitafuta tundu. Kisha akalitoa blanketi.

"Hii ni nini? Mmetuletea uniform?"

Wakacheka. Akaagiza kitanda kitolewe nje, akalitandika. Nundu ikasimama. Akaisukuma chini kwa kiganja, ikarudi. Akaisukuma tena. Kisha akageuka polepole kututazama.

"Watu wa Matinyani, semeni ukweli. Mmetuletea msichana mmoja, ama tayari wako wawili?"

Jamani! Mchungaji alikuwa pale pale, soda mkononi, ameshawafungisha ndoa asubuhi ile, Mwende akiwa na gauni jeupe. Mnajua makanisa yetu yalivyokuwa. Neno kama hilo likishaanguka, wazee wangekaa kikao, Mwende angeulizwa maswali, na hata akishinda angekuwa na jina kama Mama Tundu. Bwana arusi aliangalia viatu vyake. Mimi nilitaka ardhi inimeze pamoja na kitanda.

Susu akasimama. Alijinyoosha leso bila haraka.

"Hiyo ni nafasi," akasema. "Si mlikuja kwangu mkasema mnataka watoto? Sasa mlitaka tulete blanketi ya mtu mwembamba? Msichana wetu amekuja peke yake, hesabuni miezi wenyewe. Lakini siku akijaa tumbo, hamtanunua ingine."

Shangazi Syombua akamtazama, akalitazama blanketi, akalivuta akajifunika nalo tumbo lake mwenyewe. Nundu ikamkaa sawasawa. "Aki imenitosha!" akapiga kelele, na vigelegele vikapasua uwanja. Na msidhani hakuhesabu miezi. Alihesabu, na Ndinda akachukua muda wake, mvua zikapita na nyingine zikaja ndipo akazaliwa. Shangazi akanyamaza kabisa.

Sasa turudi kwa fundi wetu wa boksi. Ndinda alimaliza kwilti yake, na haki ya Mungu imenyooka kama meza ya benki. Ameitundika ukutani, ameipigia taa, na wageni wanaombwa wasiguse. Nilimuuliza nani hulala nayo. "Aunty, si ya kulala. Ni decor." Nikasema sawa, na viatu pia mtundike.

Julai hii, kwenye yale manyunyu ya baridi, akaja Kibwezi kwa mama yake, nami nikiwa mgeni huko, akiwa na mimba nzito. Ana mto maalumu wa wajawazito na programu ya simu ya kumwimbia mawimbi, na bado usingizi umemkataa wiki nzima. Mwende akafungua sanduku, akalitoa blanketi letu. Maruni imekuwa waridi, herufi za unga bado zinasomeka.

"Wueh, vintage!" Ndinda akasema, akaelekeza simu kwenye nundu, akacheka. "Nani alikosea hivi?"

"Nyanya ya mama yako," nikamwambia. "Lala."

Akalala chali, bado anarekodi, Mwende akamfunika. Nundu ikateremka juu ya tumbo lake ikakaa, haikubana wala haikupwaya. Alikuwa katikati ya kutuambia vile watu wa mtandaoni wataipenda video yake, sentensi ikakatika. Mchana mweupe, Ndinda akakoroma.

Sisi tulishona vibaya tukalala. Wao wanashona vizuri wanakesha. Nilitaka kumwambia Mwende hivyo, lakini alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Susu tumemzika zamani, na Mama pia.

"Si Susu alisema ni nafasi," Mwende akanong'ona.

Simu ilikuwa imeanguka sakafuni, inaendelea kurekodi mabati ya paa. Tuliiacha.