Harufu ya Kisima Chetu

Nyumba yetu iko nyuma ya soko la Kathonzweni. Kati yetu na barabara kuna ploti ambayo zamani ilikuwa kituo cha mafuta. Nilipoolewa hapa kituo kilikuwa bado kinauza petroli, dizeli, na mafuta ya taa ambayo watu walinunua kwa chupa. Baadaye mwenyewe alifariki, watoto wake wakakosa kuelewana, pampu zikang'olewa, na ploti ikabaki na sakafu ya saruji iliyopasuka. Mbuzi walilala pale mchana kwa sababu ya kivuli cha paa lililobaki.

Kisima chetu kiko upande huohuo wa ua. Mume wangu alikichimba na ndugu zake kabla hatujapata mtoto wa kwanza. Huku kwetu, ambako mwanamke huamka alfajiri kwenda kufukua maji kwenye mchanga wa mto, kuwa na kisima uani ni heshima. Nilijivunia kisima hicho. Jirani akija na mtungi hakuhitaji kuniomba mara mbili. Kisha majirani wakaacha kuja, mmoja mmoja. Mfereji wa maji ya bomba ulikuwa umefika sokoni, nikadhani sababu ni hiyo.

Kanisani kwetu, wageni wakija, kila mama wa ushirika huleta chai aliyoipika kwake. Jumapili moja chupa yangu ya chai ilirudi imejaa. Nilifika nyumbani nikaionja, nikidhani labda nimesahau sukari. Ilikuwa chai tu. Ugeni uliofuata ikarudi tena imejaa. Ndipo mwenyekiti wetu wa akina mama, mtu mpole asiyependa kumuumiza yeyote, akanivuta hadi nyuma ya kanisa akaniambia kwamba wamefikiria, na wameona afadhali mimi nisaidie kupanga viti. Nikamwuliza kama kuna kosa nimefanya. Aliangalia viatu vyake.

"Dada, labda ni ile mitungi yako," akasema. "Wengine wanasema unateka maji na mtungi wa mafuta ya taa."

Sikuwa na mtungi wa mafuta ya taa. Napika kwa kuni, na kwa gesi mvua ikinyesha. Lakini sikubishana. Nilienda nyumbani nikasugua mitungi yote kwa mchanga na jivu, nikaitupa ya zamani nikanunua mipya, nikachemsha vikombe kama vyombo vya mtoto mchanga. Kila nikinusa sikusikia kitu. Dada yangu alipokuja kutoka Nunguni nilimwomba aniambie ukweli, na baada ya kuzungukazunguka akasema kuna harufu, lakini ni kidogo tu. Hiyo kidogo tu ilinikaa moyoni. Ilimaanisha kwamba hata yeye, kila alipokuja, alikuwa akinywa kwa kunihurumia.

Kuanzia hapo sikualika mtu. Mgeni akifika ghafla niliagiza soda sokoni, nikasema joto la leo si la chai. Kwa mwanamke aliyelelewa vizuri, ambaye mama yake alimfundisha usafi kabla ya kumfundisha kusoma, kuitwa mchafu ni aibu asiyoweza kumwambia mtu. Hata mume wangu sikumwambia. Nilipanga viti.

Basi mzee wa kijiji akapita akatuambia kwamba ile ploti imenunuliwa. Mnunuzi alitaka kujenga maduka na vyumba vya kupangisha, na kabla ya kujenga, wataalamu walitakiwa waje kuupima udongo. Walikuja watatu: msichana aliyekuwa kiongozi, Mkamba wa upande wa Kitui, na wanaume wawili wa kumsaidia. Walitoboa sakafu, wakaingiza chuma kirefu chenye meno, wakawa wanakizungusha kwa mikono. Udongo uliotoka waliutia kwenye vijichupa vya kioo wakaviweka ndani ya sanduku lenye barafu. Jua lilikuwa kali, na paa la kituo lilikuwa limeshabomolewa. Mchana yule msichana alipiga hodi akaomba wakae chini ya paa letu wale chakula walichokuja nacho.

Siku hiyo hapakuwa na mtu wa kumtuma soda. Wageni walikuwa wamekaa uani, mikono imejaa vumbi, na mimi sikuweza kuwaacha hivyo. Nikapika chai. Wanaume walimeza kidogo wakatazamana. Msichana aliinua kikombe hadi karibu na midomo, akakisimamisha hapo, akakishusha.

"Mwaitu," akasema, yaani mama yangu, na alilisema kwa adabu kabisa, "maji haya mnatoa wapi?"

Nikamwambia tunateka kwenye mfereji wa sokoni. Nilisema hivyo nikiwa nimesimama mbele ya kisima changu mwenyewe, kamba yake ikiwa bado mbichi. Aliangalia kamba, akaniangalia, kisha akashukuru na kusema warudi kazini. Vikombe vilibaki kwenye stuli. Nilimwaga chai kwenye shina la mpapai, nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Kesho yake walihamia karibu na ua wetu. Nilikuwa nawatupia kuku mtama walipovuta kile chuma kutoka ardhini. Udongo uliokuja nacho ulikuwa na weusi wa kibuluu, na upepo ulikuwa unavuma kuja kwangu. Ilikuwa harufu kali, ya kuumiza macho. Lakini haikuwa ngeni. Ilikuwa harufu ya jikoni kwangu, ya sufuria yangu ikichemka, ila imekolezwa. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba nilidhani ndivyo nyumba inavyonukia. Nilishika nguzo ya ua, nikasimama pale mpaka kuku wakamaliza mtama.

Nilitaka kwenda kwa yule msichana lakini nikasita, maana ili nimwambie ninachojua lazima kwanza niseme kwamba nilimdanganya. Mwishowe nilichota ndoo ya maji nikaibeba hadi pale walipokuwa.

"Jana nilikudanganya," nikamwambia. "Maji ni ya kisima chetu."

"Nilijua, mwaitu. Sikutaka kukuaibisha mbele ya hawa."

Aliinama akanusa ndoo. Kisha akaniuliza kama kuna mtu aliyewahi kulalamika. Hapo ndipo nilipomweleza habari za chupa zilizorudi, viti, na mitungi niliyosugua. Alikuwa mtu wa kwanza kusikia habari hiyo kutoka kinywani mwangu, mtoto wa watu, umri wa kuwa binti yangu. Alivua glavu.

"Haikuwa mitungi," akasema. "Tangi lililofukiwa hapa chini limeoza kwa kutu. Mafuta yamekuwa yakitembea udongoni hadi kwenye kisima. Msinywe tena maji haya, wala kupikia."

Mtu angedhani nilifurahi. Nilirudi nyumbani na aibu nyingine kubwa kuliko ile. Nilikuwa nimewalea watoto kwa maji hayo. Nilikuwa nimewapa wageni, nikajiona mkarimu. Majibu ya maabara yalipotoka Nairobi yalisema vilevile alivyosema. Tulipelekwa hospitali tukapimwa, na daktari akasema hajaona kitu, lakini tuwe tunarudi.

Jioni ya siku ile niliyobeba ndoo, nilimweleza mume wangu yote, kuanzia chupa ya kwanza.

"Nimekuwa nikiisikia kila asubuhi," akasema. "Nilidhani ni wewe, unawasha kuni kwa mafuta ya taa. Ningekwambiaje?"

Alikuwa amekunywa kila kikombe nilichompa, na kuomba cha pili. Sikujua kama nimshukuru au nikasirike. Naye alikuwa na aibu yake, kwa sababu kisima ni kazi ya mikono yake, na ndicho kitu alichopenda kuonyesha watu.

Akina mama wa ushirika walikuja kutuona, wakaleta sukari na unga. Mwenyekiti aliomba sala ndefu, kisha akasema wazi kwamba walinikosea. Nikajibu hakuna neno. Katikati ya mazungumzo mmoja wao alipatwa na kiu, akatoa kwenye mkoba chupa ya maji aliyokuja nayo kutoka kwake. Hakuwa na nia mbaya, na ilikuwa haki yake. Lakini wote waliiona ile chupa, wakaona kwamba na mimi nimeiona, na hakuna aliyejua aangalie wapi. Niliwaonea huruma wao, na nikatamani waondoke. Mchungaji naye aliniomba nisimame Jumapili nitoe ushuhuda jinsi Mungu alivyonisafishia jina. Nikamwambia nina mafua.

Mnunuzi alilifukua tangi. Nilienda kulitazama likivutwa juu, na mwanga ulipita kwenye matundu yake. Malori yakabeba ule udongo mweusi, vyumba vikajengwa, nasi tukavutiwa mfereji hadi uani. Mume wangu ndiye aliyefunika kisima. Alikoroga saruji mwenyewe, akaniomba nimshikie ubao, nikaushika mpaka alipomaliza kulainisha. Kisha akafungua mfereji akanawa mikono kwa sabuni, polepole, na alipodhani sioni akainua vidole akavinusa. Niligeukia upande wa nyumba nikaanza kukusanya vyombo vyake vya kazi.