Theluthi ya Mwisho, Chumba cha Mitungi

Usiku umekwenda sana. Nyuma ya wodi ya wazazi, ndani ya chumba cha mabati chenye taa moja, mwanamume mwenye mvi za kidevuni amesimama mbele ya safu mbili za mitungi ya oksijeni. Macho kayakaza kwenye mshale wa kipimo. Mshale unashuka taratibu, naye hapepesi.

"Huu ukifika pale pekundu kabla sijafungua safu ya pili, kuna watu kule ndani watakosa pumzi," anasema bila kugeuza shingo. "Na watu wenyewe ni wa kuenea kiganjani."

Anawasema watoto njiti, waliozaliwa kabla ya miezi yao. Hewa wanayovuta inatoka hapa, inapita kwenye bomba jembamba ukutani hadi puani mwao. Ndiyo maana hospitali nzima, kuanzia mganga mkuu hadi wafagiaji, humwita Mzee Pumzi.

Saa hii ndiyo aliyoipenda tangu ujana. Marehemu mama yake alimlea akimwambia kwamba usiku, tangu jua kuzama hadi alfajiri kuingia, una mafungu matatu, na fungu la mwisho ndilo la waja wanaotaka kusikilizwa. Mama alikuwa akiamka, anatawadha, anaswali. Mtoto akaifuata njia hiyo, akaishikilia kama roho yake.

"Nikawa naona sala ya usiku nje ya saa hiyo ni makapi tu," anasema. "Nani atataka makapi na mchele upo?"

Zamani hilo halikumpa tabu. Walikuwa wawili zamu ya usiku: mmoja akiswali, mwenzake analinda mshale. Kisha mwenzake akahamishwa, na pengo lake halikuzibwa. Mzee Pumzi akabaki peke yake na mitungi yake, na kengele ya tahadhari ambayo siku nyingine hulia, siku nyingine hununa.

Akajitafutia njia. Alikuwa akitazama kipimo, akiridhika kwamba safu ina hewa ya kutosha, ndipo anatandika mswala kwenye stoo ya jirani. Wahenga walishasema, mshika mbili moja humponyoka. Yeye alidhani zote amezishika barabara.

Usiku mmoja wa mvua, akiwa kwenye sijda, alisikia mlio wa nyoka aliyekasirika. Ssss. Mpira wa kiungio cha safu ya kwanza ulikuwa umekatika, hewa inamwagika. Kengele ilikuwa kimya.

Hakutoa salamu. Aliikata sala palepale, akakimbia pekupeku. Mshale ulikuwa umeshalala. Akaushika mkono wa koki ya safu ya pili, akauzungusha. Haukwenda. Ulikuwa umekamata kutu.

"Mzee Pumzi! Hewa! Hewa imekatika!" Muuguzi wa zamu alikuwa akigonga mlango kwa ngumi mbili. "Mmoja anabadilika rangi!"

"Rudi ndani, umpulizie kwa ule mfuko wa mkono!" alimjibu. "Nipe dakika!"

Alichukua spana, akaibana koki, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Mara ya kwanza spana iliteleza, ikamchuna vifundo vya vidole. Mara ya pili pia. Mara ya tatu chuma kikalia, koki ikazunguka, na bomba likaanza kuvuma.

Hakuna mtoto aliyepotea usiku ule. Lakini muuguzi aliporudi, uso umemvimba kwa machozi, alimuuliza swali moja tu: "Ulikuwa wapi, baba?"

"Nilikuwa naswali."

Muuguzi aligeuka, akarudi wodini, na Mzee Pumzi anasema angekuwa radhi atukanwe kuliko kuachwa namna ile.

Tangu hapo hofu mbili zikamkaba, moja huku, moja huku. Aliogopa kwamba aliuacha mshale kwa ajili ya sala. Aliogopa vilevile kwamba aliitupa sala mbele ya Mola wake kwa ajili ya koki. Akaona bora aache kabisa. Faradhi tano aliziswali, usiku akaufunga.

Mkewe ndiye aliyegundua. "Mume wangu, umenuniana na nani?" alimuuliza mezani. "Chakula huli, usingizi huna, mswala umeukunja kama mgeni anayehama. Nenda kwa maalim, usiniletee ugonjwa ndani ya nyumba."

Maalim wa msikiti wa mtaani ni mdogo kwake kwa umri, na mchana hushona nguo. Alimsikiliza huku akikanyaga cherehani, mpaka habari ilipofika kwenye mlango uliogongwa. Hapo akasimamisha mguu.

"Mzee wangu, ungeendelea na sunna watoto wakafa, ungejibu nini kesho? Pumzi za watu ni amana. Kuikata ile sala kulikuwa wajibu wako."

"Na saa yangu?"

"Ukishaswali Isha, usiku ni wako hadi alfajiri iingie. Mwanzo, katikati, mwisho, kote kunaswalika. Theluthi ya mwisho ndiyo bora, hilo halina ubishi, lakini ni bora kwa anayeiweza. Anayechelea kuikosa aswali mapema, na witri yake ya kufungia usiku kabisa. Ukipata nafasi baadaye, ongeza rakaa mbili mbili. Witri tu usiirudie. Usiku mmoja hauna witri mbili."

Mzee Pumzi alitoka pale, anasema, miguu myepesi kama aliyevuliwa buti za maji.

Sasa anaswali Isha, anaongeza sala zake za usiku na witri, ndipo anavaa ovaroli. Theluthi ya mwisho inamkuta wima, mkono kwenye koki.

Kama ilivyo sasa. Mshale umekaribia pekundu. Anafungua safu ya pili. Koki, aliyoipaka mafuta jioni, inazunguka bila ubishi. Mshale unatetemeka, unasita, kisha unapanda.

Muuguzi anachungulia. "Tuko salama, baba?"

"Tuko salama, binti yangu. Nenda kwa wanao."

Anaanza kuviringisha mitungi mitupu kuelekea mlangoni, midomo ikicheza: astaghfirullah, astaghfirullah.

Uongozi umeahidi kengele mpya na mtu wa pili wa zamu. Ahadi anazijua, hivyo ameanza mwenyewe kumfundisha mfagiaji mmoja wa kike mwenye masikio mepesi, ili mitungi isimtegemee mtu mmoja. Binti huyo akishaiva, Mzee Pumzi ataomba likizo. Anataka alale kwake baada ya Isha, aamke theluthi ya mwisho na kuswali na mkewe, jambo ambalo hawajalifanya kwa miaka.

"Ataamka wapi, na usingizi wote huo anaoudai?" mkewe anacheka, akijifuta macho kwa ncha ya khanga. "Nitamwamsha mimi. Akigoma, nitamnyunyizia maji usoni. Na hilo nalo ni sunna."