Kanda Isiyo na Salamu

Nakumbuka Jumapili moja Chatsworth, Durban, mwanangu, mimi na Elibariki tumekaa sakafuni, santuri za kuazima zimetandazwa toka mlangoni hadi kitandani, tunabishana wimbo upi ufungue kanda. Na wewe jana umenijia na swali lilelile: unamtengenezea mama yako kanda ya roki ya anga, nyimbo zimekuwa nyingi, nikusaidie kuchagua. Naambiwa kanda zimerudi kuwa fasheni. Haya, kuishi kwingi ni kuona mengi. Nitakusaidia, ila kwanza nisikilize, na hiyo simu iweke chini.

Elibariki alikuwa Mpare, Mlutheri, akisoma chuo kule Westville. Mimi Mwislamu wa Tanga, kibarua kwenye kiwanda cha rangi kule Jacobs. Tulipanga chumba kimoja cha uani, na kilichotuunganisha ni Kiswahili na ukata, basi. Muziki ule aliupata kwa wanafunzi wenzake. Wewe unaujua: magitaa yanalia kwa mwangwi, kinanda kinavuma, robo saa nzima hakuna aliyefungua mdomo. Mwanzoni nilidhani redio imeharibika. Baadaye nikauzoea, kisha nikaupenda, eish, hata leo naupenda.

Kanda hiyo alikuwa anampelekea baba yake Usangi, milimani Upare. Mzee yule alipiga tarumbeta kanisani miaka na miaka, kisha macho yakafa, ikawa hakuna faida ya kumtumia barua wala picha. Elibariki naye alikuwa hajapeleka neno nyumbani muda mrefu. Habari za Durban zilizofika kwao wakati ule zilikuwa za watu kuuawa tu. Simu ilikuwa huko chini mjini, na mzee kipofu hawezi kuteremka mlima kila siku kwenda kuulizia.

Sasa elewa desturi yetu. Mtu wa mbali akituma kanda, hiyo ni barua. Unabonyeza, unaanza "Shikamoo baba, shikamoo mama," unawataja ndugu mmoja mmoja, ukipenda hadi mbuzi, na kule wanaosikiliza wanaiitikia redio kana kwamba umekaa nao. Nikamwambia, "Eli, weka hata salamu hapo mwanzo." Akanitazama kama niliyemtilia mchanga kwenye chai.

"Maneno yanaharibu kanda," akasema. "Hii ndiyo barua yenyewe. Wimbo wa kwanza ni safari, hizi za katikati ni upweke, wa mwisho ni kurudi. Baba ni mwanamuziki, ataelewa."

Na alichagua, wallahi, alichagua! Wimbo alioupenda kuliko zote aliutoa, kwa sababu upande wa kwanza ungeisha katikati yake, na kumkata mtu wimbo aliona ni utovu wa adabu. Kazi ilikuwa safi, siwezi kumnyima haki yake. Tukampa kanda Mama Nakijwa, mama wa Kipare aliyekuwa akija Durban kuuza vitenge, aondoke nayo.

Aliporudi alitukuta chumbani, hakutusalimia. Aligeuza ndoo yetu akaikalia.

"Nani ametengeneza ile kanda?"

Elibariki akatabasamu, maskini, akidhani anasifiwa.

Mama Nakijwa akatueleza. Mzee aliposikia kanda imefika alivaa koti lake la kanisani, akaita majirani, akaita na mchungaji. Wakabonyeza. Upepo, magitaa. Kila wimbo ulipokwisha pakawa na kimya kidogo, mzee aliinua mkono: "Nyamazeni, sasa atasema." Ukaanza mwingine. Wakageuza upande wa pili, mambo yakawa yaleyale, mpaka redio ikajizima. Watu wakabaki wanatazamana. Mzee akavua koti, akasema, "Huyu mtoto amekufa. Wamenitumia vitu vyake, wanaogopa kuniambia."

"Nikamwapia kwamba nimekuona kwa macho yangu," Mama Nakijwa akamwambia. "Akaniuliza, kama yu hai, mbona kashindwa kuniamkia? Kanda kama hii si yeyote angeituma? Nimemwacha amelala, chakula hataki. Wewe mwana, Mungu alikupa sauti ya kazi gani? Umempa baba yako sauti za watu wa mbali, yako ukamnyima!"

Elibariki alilia mbele yetu kwa kwikwi, na mimi nikajifanya natafuta kiberiti. Ndipo Mama Nakijwa akamkabidhi redio mapajani, akambonyezea mwenyewe ianze kurekodi. "Shikamoo baba. Ni mimi, Eli." Akasema anachokula, akasema anavyosoma, akanisengenya kwamba nakoroma. Mwishoni akaweka wimbo mmoja tu, mfupi, na kabla ya kuuweka akasema, "Huu, baba, nikiusikia nakukumbuka. Katikati pale utasikia kitu kinalia kama tarumbeta lako."

Tuliipeleka kwa mtu aliyekuwa anapanda basi kurudi nyumbani, halafu tukangoja. Mzee asiyekula hangoji sana, hilo tulilijua wote wawili. Elibariki alikonda. Santuri za watu alizirudisha, chumba kikawa kimya, na wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Jibu lilikuja kwa kanda. Sauti ya mzee, nzito, imekwaruza: "Marahaba! Marahaba, mpumbavu mkubwa wee!" Kisha tukamsikia analia, na watu nyuma yake wanamwambia basi, baba, basi. Akanyamaza, akapenga kamasi, akasema, "Ile kanda ya kwanza bado ninayo. Sasa niambie wimbo mmoja mmoja, ulikuwa unasema nini."

Basi, mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Chagua nyimbo kwa makini, usimkate mtu wimbo, anza na unaonyanyuka taratibu, ule wa kelele uweke baada ya mama kuzoea. Lakini kabla ya wimbo wa kwanza, mwamkie kwa mdomo wako, na kila wimbo umwambie kwa nini umeuchagua. Usijitie uhodari wa kueleweka bila kusema. Anayekupenda akikosa neno lako hatulii. Atajitungia lake, na mara nyingi hujitungia lililo baya zaidi. Wimbo ni mzuri, lakini hauwezi kumwambia mzazi kwamba umekula.

Haya, lete hizo nyimbo tuzisikilize. Mungu akupe sauti isiyokwama kooni, akutunzie uliowaacha nyumbani, na kila utakapoamkia, awepo wa kukuitikia.