Taya la Mwanambuzi na Chonge za Mtoto wa Kisorya

Siku niliyoripoti kazini Musoma, nikiwa msichana mwenye cheti kipya cha usaidizi wa meno, Daktari wa Meno wa Mkoa alinipokea akiwa ameshika taya la mwanambuzi. Alikuwa amelichemsha likawa jeupe, kisha akalikwangua ubavuni kwa tupa mpaka mfupa ukafunguka kama kidirisha.

"Picha za kufundishia tulizoagiza sijui zimekwama wapi," alisema. "Tuna hili. Haya, taja."

Nikataja. Sehemu ya jino inayoonekana mdomoni ni taji. Linapokutana na ufizi ni shingo, na kilichozama ndani ya mfupa wa taya ni mzizi. Taji limevikwa enameli, ngumu kuliko mfupa wowote. Chini yake kuna dentini, na katikati kabisa moyo wa jino, penye damu na neva; hapo ndipo hata mzee wa kanisa hutukana akiguswa. Meno ya mbele hukata, chonge zilizo pembeni yake huchana, magego husaga. Chonge ni nne, mbili taya la juu, mbili taya la chini.

"Umesahau," akasema daktari, akaniwekea kile kidirisha mbele ya macho. Ndani ya mfupa, chini ya magego ya utoto, yalikuwa yamelala meno mengine. "Mtoto anazaliwa kibogoyo, lakini meno yake yamo tayari ndani ya taya. Ukilisahau hilo, usiguse mdomo wa mtoto wa mtu."

Alikuwa mkali, na mimi nilimpenda kwa ukali huo. Aliponihamishia Butiama alinipa lile taya niende nalo. Ilikuwa miaka ya shida. Sabuni ilikuwa adimu, mafuta ya taa ya kuchemshia koleo za kung'olea meno tuliyapata kwa kubembeleza, na dawa ya ganzi ilipokwisha tuliwarudisha watu makwao na mashavu yao yaliyovimba. Mganga Mfawidhi wa hapo alikuwa mtu wa utani. Alisema hawezi kula mbele yangu maana namkagua magego.

Kutoka Butiama nikapelekwa Bunda, na huko ndiko nilikokutana na meno ya plastiki. Ndivyo watu walivyouita uvimbe mweupe kwenye ufizi wa mtoto mchanga, pale chonge itakapotokea. Mtoto akiharisha na kushikwa na homa, walisema plastiki ndiyo inayomuua, na walikuwepo watu wa kuichimba kwa spoki ya baiskeli iliyonolewa.

Asubuhi moja akaingia bibi mmoja kutoka upande wa Kisorya, na nyuma yake mkwewe, binti mdogo aliyebeba mtoto mgongoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, dokta. Sisi tunapita tu, tunaenda Manyamanyama kwa mtu wa kuchimba meno. Huyu mkamwana amenisumbua njia nzima, eti kwanza hospitali. Mtoto anaharisha, ana plastiki. Kaka yake tulichelewa kumtoa, akafa."

Yule binti akasema polepole, macho chini, "Hatukuchelewa, mama. Alitolewa. Damu ikakataa kukata."

Kumjibu mama mkwe mbele za watu si jambo dogo kwetu. Nilimtazama mtoto: macho yamezama, midomo imekauka. Nikaleta taya.

"Ona, bibi, jino limelala ndani ya mfupa. Na hiyo nyeupe ya mjukuu wako ni chonge yake mwenyewe, haijatoka tu."

"Mjukuu wangu si mbuzi."

Benchi zima likacheka, na mimi nikacheka. Alinipata. Lakini mimi pia nimekulia zizini.

"Nyumbani mna ng'ombe?"

"Wapo."

"Ndama akiharisha, mnamchimbaga meno?"

Alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. "Nani amchimbe ndama meno? Atakula nini? Ndama tunamnyweshaga."

"Basi na huyu tumnyweshe."

"Na akifa?"

"Akifa, uje uniulize mimi."

Nilisema hivyo kwa sauti kavu, lakini niliogopa sana. Mganga Mkuu wa Wilaya alinifokea, "Wewe ni wa meno, nani amekutuma kwenye kuharisha?" Hata hivyo akatoa kitanda. Pakiti za dawa ya kuharisha hazikuwepo, na sukari ndiyo usiseme. Tulitumia uji mwepesi wenye chumvi kidogo, na aliyeshika kijiko ni bibi mwenyewe, hakumwachia mtu. Mtoto alipoanza kukojoa tena ndipo nilipokwenda kuketi.

Baadaye milango ya biashara ilifunguliwa. Zikaja soda, biskuti na pipi, na magego ya watoto yakaanza kuoza kwa namna tuliyokuwa hatuijui. Zikaja kliniki za watu binafsi, na picha za rangi za kufundishia. Nimestaafu, naishi Butiama, na lile taya liko rafuni kwangu. Vijana wa kazi hii wakinitembelea huwa wanalicheka. Nawaambia wajifunze majina yote, taji, shingo, mzizi, kisha wajue kwamba anayeelimishwa ana maisha yaliyotangulia elimu yao.

Nasema hivyo kwa sababu ya yule bibi. Mwaka uliofuata alirudi Bunda na mtoto mgongoni na furushi la dagaa. Akamfungua mtoto mdomo kwa kidole.

"Ona, dokta, imetoka! Nyeupe. Inauma hasa."

Tukacheka. Kisha akalichukua taya mezani, akachungulia kidirishani kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo zile alizotolewa kaka yake nazo zilikuwa hizi hizi."

Nilikuwa najua jina la kila kilichomo kinywani mwa mtu. Nilimsogezea kiti, akakaa, na mtoto akaendelea kumuuma kidole.