Redio Iliyokatikia Mlangoni kwa Bibi

Redio ya gari ikitaka kukatika haikatiki mara moja. Inakwaruza kwanza, kama kuku anayeparua bati, halafu mtangazaji anameza nusu ya neno, halafu kimya, halafu anarudi katikati ya habari nyingine kabisa kana kwamba wewe ndiye uliyesinzia. Wengine wakisikia mkwaruzo huo wanapiga dashibodi kofi. Mimi, na uzee huu, puani naanza kusikia harufu ya moshi wa mabua ya pamba.

Juzi pikapu yangu ilianza mchezo huo hapa Bariadi. Nikaipeleka kwa kijana mmoja fundi umeme wa magari, mtoto mwenye heshima zake, ananiita bibi. Akajilaza chini ya dashibodi, miguu ikabaki nje, akapapasa weee, mwishowe akachomoa kichwa huku anacheka. "Bibi, gari lako hili limelogwa."

Alikuwa anatania. Lakini nilimjibu kwa sauti ambayo ilifanya wateja wengine wageuke, na boda boda mmoja akazima pikipiki ili asikie vizuri. Maskini kijana akarudi chini, akaukuta waya umelegea nyuma ya redio, akaukaza, kazi ikaisha. Hakujua alichonikosea. Basi na ajue, nanyi mjue, maana jambo hili nimelibeba tangu utotoni na hasira yake haijapoa hata kidogo.

Nililelewa na bibi mzaa baba, kijijini, upande wa Mkula. Baba yangu alikuwa mwanawe pekee na alifariki nikiwa bado nanyonya. Mama akaolewa tena Maswa. Tukabaki wawili, bibi na mimi, katika nyumba ya udongo iliyokuwa kandokando kabisa ya barabara, pale barabara inaposhuka kwenye korongo na kupanda ng'ambo. Korongo lile lilikuwa na mawe yaliyochomoza kama meno ya mzee. Kila gari lililopita pale lilirukaruka mpaka kila kilichofungwa juu yake kikapiga kelele. Bibi alikuwa akisikia madebe yanagongana huko chini anasema, "Haya, wageni hao wanasagwa," na tulikuwa tunacheka.

Kwetu miti ilikuwa imekwisha zamani. Tulipikia mabua ya pamba, na yakiisha tulipikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake ni mzito, unakaba koo na kuchoma macho. Bibi alipuliza moto wa namna hiyo tangu akiwa msichana, macho yake yakawa mekundu na hayakurudi kuwa meupe. Wanawake wote wa rika lake walikuwa hivyo. Mnaotoka kwetu mmeshajua ninaelekea wapi. Wengine niwaambie wazi: mwanamke mzee mwenye macho mekundu alikuwa tayari ameshashukiwa, kilichokosekana ni sababu tu. Akipata msiba jirani, au akifa ndama, sababu imepatikana. Na aliyeambiwa ni mchawi alihama, au alikutwa asubuhi amekatwa panga ndani ya nyumba yake. Sisimulii hadithi za kutisha watoto. Hayo tuliyajua kama tunavyojua msimu wa kupanda.

Sababu ya bibi yangu ikawa redio.

Baba mkubwa Ngasa alikuwa mtoto wa mke mkubwa wa babu. Bibi yangu alikuwa mke mdogo, kwa hiyo kwa Ngasa alikuwa mama mdogo wake. Ngasa alikuwa na ng'ombe wengi na mdomo mwingi zaidi. Akauza sehemu ya kundi akarudi na pikapu ya bluu, kuukuu, yenye redio. Gari lingine kijijini hapakuwa. Wazee walipofika kwake walisalimia pikapu kwanza, wakaizunguka, wakagusa bodi, ndipo wakamkumbuka mwenyewe. Jioni aliiegesha uwanjani, milango akaiacha wazi, watu wakaja na vigoda vyao kusikiliza salamu na bei ya pamba na matangazo ya vifo. Kitufe cha redio hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa yeye, naye alikifuta kwanza kwa leso. Nilipenda jioni zile. Siwezi kusema uongo. Sauti ya mtu wa mbali, anasema mambo ya mbali, na sisi tunatafuna matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, tumenyamaza kama kanisani.

Halafu redio ikaanza kukatika.

Kwanza Ngasa aliipiga makofi. Ikazinduka, ikakatika tena. Akabadilisha betri. Akafunga fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Akaona kosa ni antena, akachukua waya mrefu akaufunga kwenye mti aliousimika nyuma ya gari, pikapu ikawa inapita vijijini kama mtu anayekwenda kuvua samaki. Hapana. Mwishowe akaipeleka kwa fundi Maswa. Huko ikaimba kutwa nzima, fundi akasema redio yako nzima, mzee, nenda zako. Ngasa akarudi kwa njia isiyo na mawe, anapiga honi kwa furaha. Alipoteremka korongoni, mbele ya nyumba yetu, kimya.

Hebu fikirini. Kila alipoipima, aliipima gari limesimama. Likiwa limesimama ilikuwa nzima. Likienda kwenye tambarare ilikuwa nzima. Ilikufa pale tu gari liliposagwa na mawe, na mawe mabaya kuliko yote katika njia yake ya kila siku yalikuwa mlangoni kwetu. Lakini Ngasa hakuangalia chini kwenye mawe. Aliangalia juu kidogo, kwenye nyumba, akamwona mwanamke mzee amekaa kizingitini anachambua pamba, ana macho mekundu.

Akaenda kwa mfumu, mganga wa ramli. Kuku akapasuliwa, mfumu akasoma alichosoma ndani yake, akasema ni mwanamke, wa ukoo huo huo, anakaa njiani. Kuku gani huyo aliyeshindwa kutaja mawe?

Habari hazikuletwa kwetu. Tuliziona. Tulipofika kisimani wanawake walikumbuka kwamba wameacha kitu jikoni. Watoto niliocheza nao walikataa matobolwa yangu. Mmoja alilipokea kwa adabu, akageuka, akalitupa. Bibi alikuwa anasalimia watu barabarani, "Mwangaluka," nao wanajibu huku wanaongeza mwendo. Mimi nilidhani tunanuka. Nilijisugua mwili kwa jiwe mpaka nikachubuka.

Asubuhi moja Ngasa akaja na wazee, wamejaa nyuma ya pikapu. Mmoja wao alikuwa Maduhu, jirani yetu wa karibu, aliyekuwa akitusaidia kulima na jembe lake la ng'ombe. Ngasa hakukaa kwenye kigoda alichopewa. Akasema amekuja kwa heshima, kwa sababu bibi ni mke wa baba yake, na wengine wasingekuja kwa heshima. Akamwita mayu, yaani mama.

"Hama kabla ya mvua, mayu. Mimi nakusitiri tu."

Bibi aliendelea kuchambua pamba. "Nihamishwe na redio?"

"Si redio. Ni wewe."

Bibi akaweka kikapu cha pamba chini, akajipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka amejifunga kitenge chake cha kwendea msibani. Akamwambia Ngasa awashe gari. Kama yeye ndiye anayeikata redio, alisema, basi wampeleke mbali na nyumba yake waone. Akafungua mlango mwenyewe, akanitanguliza mimi katikati, akakaa dirishani. Wazee wakatazamana, lakini nani angekataa? Wakarudi nyuma ya gari.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa mbele. Kiti kilinuka ngozi na petroli. Redio ilikuwa inapiga salamu. Kutoka kwetu kuelekea barabara kubwa kuna tambarare ndefu ya mbuga, udongo mweusi, laini wakati wa kiangazi. Hapo mtangazaji alitaja majina ya watu bila hata kukohoa. Bibi alikuwa ametulia kama abiria aliyelipa. Halafu tukafika kwenye mto mkavu, una mawe, gari likaruka, redio ikakwaruza ikazima. Tulipopanda ng'ambo ikarudi. Mbele kidogo kulikuwa na mashimo ya magari ya pamba, ikazima tena.

Bibi akageukia dirishani, akawaambia wazee walioko nyuma kwa sauti ya kuulizia njia, "Na hapa pia nimejenga?"

Mzee mmoja akacheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Ngasa akafunga breki. Akasema bila shaka itakatika, si mwenyewe yumo ndani?

"Sawa," bibi akasema. "Nashuka." Akaniinamia, akasema kwa Kisukuma, polepole, nibaki humo nisikilize vizuri. Kisha akasimama kando ya barabara na kitenge chake, peke yake kwenye mbuga nzima, gari likaondoka. Nilimwangalia mpaka akawa mdogo. Nilijua, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba tukirudi redio ndiyo itakayokuwa imeamua kama tutalala kwetu.

Mbele kulikuwa na korongo jingine. Gari likaingia, likatikisika, mtangazaji akakatika katikati ya jina la mtu.

Nilisimama kwenye kiti, nikatoa kichwa dirishani kuelekea nyuma. "Imekatika!" nikawaambia wazee. "Imekatika na bibi hayumo." Niliwatazama mmoja mmoja. Mtoto wa kike kwetu hawasemeshi wazee hivyo, lakini nilidhani ninawaletea habari njema. Walikuwa wameshikilia kingo za bodi kwa mikono miwili, mmoja anajisugua kiuno alipogongwa. Hakuna aliyenitazama. Maduhu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Ngasa akanivuta chini. Akawaambia wazee, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo rahisi, kwamba bibi ameiacha dawa yake kwenye kiti alichokalia, sasa gari lote limeingiwa, na itakatika popote. Si wamejionea wenyewe?

Ndipo Maduhu akasema, "Ndivyo." Na wengine wakasema ndivyo.

Tulihama kabla ya mvua. Kaka yake bibi alikuwa mvuvi huko Kalemela, kando ya ziwa, akatupa pembe ya uwanja wake. Tulikwenda kwa miguu, na kuku wetu kwenye tenga kichwani kwangu. Nyumba yetu ikaachwa ibomoke, na Ngasa hakuitaka hata kwa zizi. Msidhani alikuwa anatafuta kiwanja. Niliacha shule nikiwa darasa la pili, na huko Kalemela hakuna aliyenirudisha. Nikaanika dagaa, nikauza dagaa, nikauza pamba za watu, kisha zangu, mpaka nikanunua magari. Kusoma naweza, taratibu, na hata haya nayaandika mwenyewe. Bibi alifia Kalemela kitandani mwake, macho yake mekundu yamefumba, na kule moshi wa kukaushia samaki uliwafanya wanawake wote wawe na macho kama yake, hivyo hakuna aliyehangaika naye.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo hasira yangu ilipo. Watu waliosoma nikiwasimulia wanatikisa kichwa, wanasema huo ni ujinga wa watu wasiokwenda shule. Nawakatalia. Msitusingizie. Aliyekosa shule ni mimi, na mimi nilijua nikiwa mtoto. Wazee wale nao walijua. Walikuwa nyuma ya gari, mawe yaliwapiga mgongoni pale pale redio ilipokatika, kila safari. Mwili hausubiri shule kujua jambo kama hilo.

Nilikutana na Maduhu mnadani Bariadi, amezeeka, anatembelea fimbo, mimi nikiwa tayari mtu wa kuheshimiwa. Nilimuuliza waziwazi. Hakukana.

"Tulijua, mwanangu. Wote. Lakini mke wangu alikuwa na mimba nzito, na hospitali mbali. Gari lilikuwa moja."

Nikamuuliza kama mkewe alipelekwa hospitali kwa gari hilo. Akafikiri kidogo. Akasema hapana, alijifungulia nyumbani, mapema, salama, hata kabla Ngasa hajaamshwa. Akatabasamu kama mtu anayengoja nami nitabasamu.

Sikutabasamu. Nilimnunulia soda kwa sababu ni mzee, nikaondoka.

Miaka mingi nilidhani bibi aliniacha garini siku ile ili nikawashawishi wazee, na kwamba nilishindwa. Sasa nina umri wake wa wakati ule, na nimewaona watu wa kutosha wakimsikiliza mwenye gari. Bibi hakutegemea kitu kwao. Aliwaona walivyokaa nyuma kule, akajua ameshahukumiwa. Alichotaka ni mtu mmoja atakayekuwa hai baada yake, aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe redio ikikatika huku yeye amesimama mbali barabarani, mikono mitupu. Alinichagua mimi. Nilisikia.