Siku Niliyomwita Shosho Kutoka Malaga

Juzi hapa Richfield, mji wetu ulio kando ya uwanja wa ndege, binti yangu aliipungia mkono ndege iliyokuwa ikitua, nikaikumbuka alasiri moja ya utotoni, meli yetu ya utalii ilipotia nanga Malaga, Uhispania. Gati lilinukia samaki wa kuchoma. Mama alinionyesha milima iliyofifia ng'ambo ya bahari.

"Unaiona? Ile ni Afrika."

Kuhusu Afrika nilijua jambo moja tu, kwamba Shosho, bibi yangu mzaa mama, aliishi huko. Nikapanda juu ya benchi, nikaita kwa Kiswahili changu cha kuokoteza. "Shosho! Sisi iko hapa! Kuja!"

Watu waligeuka kututazama. Mama hakuninyamazisha. Alinishika kiuno nisianguke. "Ita tena, mami. Kwa nguvu."

Niliita mpaka koo likakauka. "Amesikia?"

"Amesikia," alisema, akipangusa macho. Nilidhani ni upepo wa chumvi. Sasa najua alikuwa ametoka kumzika Shosho majuma machache kabla, safari aliyoniambia ni ya kazi, na hakuwa amepata namna ya kunieleza.

Jioni meli ilipong'oa nanga, aliegemea reli akamwita mama yake kwa Kikuyu, kwa sauti ndogo sana.

Nikamvuta mkono. "Mama, kwa nguvu. Hivyo hatasikia."